Mkwe Kwenye Njia ya Gatwekera

Wakoli alikuwa pande la mtu, na akisema "Haya, tawanyikeni!" pale Gatwekera, Kibera, hata walevi wa Kisumu Ndogo, kijiji jirani, nao walitawanyika. Lakini wiki ile mzee mzima wa kijiji, mteule wa chifu, hakutoka mlangoni kwake bila kuchungulia kwanza huku na huku. Sababu? Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutembea.

Kama wewe si wa kwao Bungoma, cheka tu, hukatazwi. Kwa Wabukusu wa rika lake, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hugeuka akapita kwingine. Si chuki hata kidogo, ni heshima iliyopita kipimo. Ndiyo maana Mama Nalianya, aliyekuja kumwona bintiye Nafuna, hakulala nyumbani kwa Wakoli hata siku moja. Alipewa kitanda kwa Nduku, jirani Mkamba aliyeuza maharagwe, na Wakoli akawa anampelekea nyama na sukari kwa mkono wa mkewe. Alimpenda sana mama yule. Lakini angemwambiaje?

Sasa, kulikuwa na jambo lililokuwa likimla roho. Palikuwa na kichochoro kilichowatoa watu wa upande wao moja kwa moja hadi kwenye mfereji wa maji. Tajiri mmoja akakitamani, ajenge hapo vyumba vya kupangisha. Karani wa chifu akamwita Wakoli ofisini. "Wakazi wamekubali?" akamuuliza. Wakoli hakuwa amemuuliza mkazi hata mmoja. Lakini karani alikuwa amemdokeza pia kwamba kile kibali chake cha kuezeka nyumba upya kiko tayari, kinangoja tu watu waelewane. Miaka ile ya sabini hukupandisha bati jipya Kibera bila chifu kukubali, na Nafuna alikuwa amechoka kuhamisha kitanda kila mvua ikinyesha.

"Wamekubali," akasema Wakoli. Basi. Neno moja tu, na tangu siku hiyo chakula hakikumpita vizuri kooni. Chifu hakumtisha. Kilichomtisha ni Nafuna kujua. Mwanamke huyo aliwakataa wanaume wawili wenye ng'ombe, akamchukua yeye aliyekuwa hana kitu, akisema angalau huyu hadanganyi, na kijijini kwao wakamcheka mama yake.

Jumamosi asubuhi Mama Nalianya akajitwika debe, akafuatana na Nduku kwenda mferejini. Kufika kichochoroni, wakakuta nguzo zimechimbiwa na mabati yameanza kugongelewa. Ikabidi wazungukie kwenye reli. Waliporudi, magoti ya mama yalikuwa yamekataa kabisa. Akatua debe mbele ya zile nguzo, akaketi chini, akanyoosha miguu.

"Nani amefunga njia hapa?" akauliza.

"Serikali," akajibu Nduku.

"Serikali ina jina. Mwite, mimi namngoja."

Wanawake waliokuwa wakipita wakaona ni vizuri, nao wakatua madebe, wakaketi. Karani alipofika na askari wawili kumalizia ua ule, akakuta kina mama wamejaa hapo wakichambua mboga. Akapaza sauti, hakuna aliyeinuka. Basi akamtuma askari mmoja: kamlete Wakoli, hawa ni watu wake.

Wakoli akaja mbio, kifua mbele, "Haya, tawanyi..." Akaiona ile leso ya manjano aliyoinunua yeye mwenyewe. Mama yangu! Aliruka nyuma, akajibanza kwenye kibanda cha Wambua, fundi wa viti, mgongo kwenye bati, jasho likimtoka. Wanawake wakacheka hadi wakashikana.

"Waondoe!" karani akafoka.

"Siwezi kufika pale, bwana. Yule ni mkwe wangu."

"Ati nini?"

"Mkwe!"

Mama Nalianya akajifunika uso kwa leso, akageukia upande wa pili. Akasema kwa utulivu kwamba mkwewe akitaka kusema naye, aseme kupitia kwa mtu, kama desturi inavyotaka. Aliyekuwa karibu ni Wambua, randa mkononi. Masikini, mtu wa Machakos, desturi hiyo hakuijua hata chembe. Alichoambiwa ni apeleke maneno, naye akayapeleka yote.

"Lo, nimekwisha leo," Wakoli akanong'ona. "Mwambie amri imetoka juu."

"Anasema lo, amekwisha leo, na amri imetoka juu!" akatangaza Wambua.

"Juu wapi? Kwa Mungu?"

"Kwa chifu," Wambua akajibu.

"Chifu huchota maji hapa?"

"Hapana, mama."

"Basi alijuaje kama wanaochota wamekubali? Alimuuliza nani?"

Wambua akachungulia nyuma ya kibanda. "Wakoli, anauliza chifu alimuuliza nani."

Wakoli akamwona Nafuna amefika, amesimama pembeni na mwiko mkononi kwa jinsi alivyotoka jikoni mbio. Akamwona karani akimtolea macho. Kudanganya kulikuwa rahisi, alikwisha kufanya mara moja. Lakini kumdanganya mkwe, mtu ambaye hata kumkoholea ni makosa? Ulimi ulikataa.

"Mwambie waliniuliza mimi," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Nikasema watu wamekubali. Sikuwa nimemuuliza mtu. Niliahidiwa kibali cha mabati."

Wambua hakurudia. Hapakuwa na haja, kila mtu alisikia. Kicheko kilikauka.

"Mabati ya nani?" Mama Nalianya akauliza.

"Ya binti yake," akasema Wakoli.

Nafuna akasogea mbele ya watu wote. "Mimi niliomba paa," akasema. "Sikuomba njia ya watu."

Wakoli alitamani ardhi immeze. Karani akaja karibu naye, akamwambia polepole afikirie vizuri, kwa sababu kibali na uzee wa kijiji vinaweza kwenda vyote leo. Wakoli akamtazama. Aliona aibu, aliogopa pia, lakini koo lilikuwa limefunguka.

"Kamwambie chifu hawakukubali," akasema. "Kamwambie hawakuulizwa. Mimi nakuja nyuma yako kumwambia hivyo hivyo kwa mdomo wangu. Wambua, nipe mtaimbo."

Lakini zile nguzo ziko pale alipoketi mama! Akabaki na mtaimbo mkononi, hawezi kwenda mbele kuzing'oa. Mama Nalianya akaliona hilo. Akainuka taratibu, Nduku akimshika mkono, akaomba mtu yule ageuke ili apite. Wakoli akageuka, akaweka paji la uso kwenye bati la kibanda. Wanawake wakaanza kupita nyuma yake na madebe yao, mmoja mmoja. Wa mwisho kupita alikuwa mama. Zile nyayo nzito zikafika nyuma yake, zikasimama.

"Wewe fundi," akasema Mama Nalianya, "mwambie huyo kwamba nikifika nyumbani nitawaambia wale waliokuwa wananicheka. Nitawaambia binti yangu nilimpa mtu."

Nyayo zikaendelea. Wambua akakohoa, akajiweka sawa.

"Wakoli, mama anasema..."

"Nimesikia," akasema Wakoli, uso bado umeganda kwenye bati, machozi yakimshuka bila hata kuyafuta. "Nimesikia, Wambua."