Kumtoa Ndeti Toharani

Mama mkwe wangu, Munyiva, alikuwa na jambo moja tu alilotaka kulimaliza kabla hajafa, nalo lilikuwa kumtoa mume wake toharani. Daktari alikuwa amemwambia moyo umepanuka, asibebe tena maji wala hasira. Maji aliacha.

Mume huyo, Ndeti, alifariki mwaka wa tisini na tano huko Ekalakala, alikokuwa akienda kila wiki kununua mbuzi na alikokuwa na mwanamke, Syokau, mwenye hoteli ndogo ya chai. Alianguka mezani kwa Syokau, chakula kikiwa nusu sahani, bila padre wala mpako wa wagonjwa. Miaka miwili baadaye Syokau naye akafa kwa malaria. Mama hakukubali hata siku moja kwamba Ndeti yuko motoni. Alisema Ndeti alikuwa mvivu mno kufika mbali hivyo. Yuko toharani, karibu na mlango, anangoja mtu aje amfungulie kama alivyozoea.

Mimi ni Mutheu, mke wa Henry, mwanawe wa kwanza. Nimelelewa AIC, kanisa la Kiprotestanti, ambako mtu akishakufa, ukitaka kumwombea umechelewa. Nashona nguo sokoni Kathiani, na mdomo wangu unajulikana kuliko cherehani yangu. Kwa hiyo mama alipoanza kunieleza habari za rehema kamili, mwishoni mwa Oktoba mwaka wa elfu mbili, nilimsikiliza jinsi ninavyomsikiliza mteja anayedai amepungua kiuno.

Mambo yenyewe, kwa maelezo yake, yalikuwa rahisi. Siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili Novemba, mtu aliyeungama na kupokea komunyo anaingia kanisani na kusali Baba Yetu sita, Salamu Maria sita na Atukuzwe sita kwa nia za Baba Mtakatifu. Roho moja inatoka toharani na kwenda mbinguni moja kwa moja. Ukitoka nje kabisa, ukaingia tena na kusali tena, inatoka nyingine. Alifundishwa hivyo na padre mzungu akiwa msichana, na mwaka wa hamsini na tatu alitoa roho kumi na nne kabla ya chakula cha mchana, akawapita wasichana wote wa katekisimu.

"Halafu nikaolewa," akasema. "Shamba, watoto, nikaacha. Sasa narudi kazini."

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu, "hiyo si sala. Hiyo ni uganga umevaa rozari."

"Na wewe mbona sindano hukopeshi mtu jioni?"

Mambo ya sindano ni mengine.

"Utakuja kunihesabia," akasema. "Nikihesabu na kusali pamoja nitachanganya watu."

Basi Alhamisi hiyo, wakati watu wenye akili wako shambani wanapalilia maharagwe kabla mvua haijarudi, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma la kanisa la Kikatoliki, misa imeisha, nikiwa na vifungo kumi na viwili vya shati katika mfuko wa kushoto. Kila roho ikitoka, kifungo kimoja kinahamia mfuko wa kulia. Mama alikuwa na orodha kichwani: baba yake, mama yake, mama mkwe wake, mjomba aliyekufa akichunga ng'ombe wa wazungu huko Konza, na wengine. Ndeti alikuwa wa kumi na mbili.

"Si yeye ndiye umemjia? Kwa nini awe wa mwisho?"

"Alinisubirisha na chakula miaka thelathini na moja. Asubiri masaa matatu."

"Na wa kwanza ni nani?"

Akaangalia pembeni. "Syokau."

"Syokau wa Ekalakala?"

"Punguza sauti, uko kanisani. Sijafanya hii kitu tangu nikiwa msichana. Ya kwanza lazima iharibike, kama chapati ya kwanza. Sasa unataka niharibikie kwa baba yangu?"

Akapiga magoti na kusali ya Syokau polepole, akirudia palipomkwama, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Alipomaliza akatoka hadi kwenye kokoto, akageuka, akachovya kidole kwenye maji ya baraka na kuingia kwa ajili ya baba yake. Nikahamisha kifungo.

Katekista Bartholomew alikuwa mbele akipanga vitabu vya nyimbo. Ni mtu mpole, mrefu, wa kuheshimu kila mtu hadi anachosha. Mama alipotoka mara ya nne akamwangalia kwa huruma. Mara ya sita akatembea kwa vidole hadi kwenye benchi letu.

"Mama Henry," akanong'ona, "choo cha akina mama kiko nyuma ya ukumbi. Hakina kufuli siku hizi."

"Asante, Katekista," mama akajibu, akatoka kumfuata mjomba wa Konza.

Nilijikaza nisicheke. Lakini nitasema ukweli: kufikia kifungo cha nane nilikuwa nimeanza kuogopa kukosea hesabu. Nilipapasa mfuko wa kulia mara mbili, nikijiuliza itakuwaje kama nimemwacha shangazi wa watu nusu ndani nusu nje. Mwana wa AIC mzima! Magoti ya mama yalikuwa yakilia kila alipoinama, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alipomaliza wa kumi na moja alishika mlango kwa mikono miwili.

"Bado Ndeti," akasema.

Hapo ndipo Bartholomew alipokuja kumshika mkono, akamketisha, akamuuliza ana shida gani. Mama akamweleza yote kwa fahari, pamoja na wale kumi na wanne wa mwaka wa hamsini na tatu. Uso wa katekista ukazidi kurefuka.

"Mama Henry, hiyo ilikuwa sheria ya zamani. Ilibadilishwa mwaka wa sitini na saba. Siku hizi ni rehema kamili moja kwa siku. Roho moja."

"Moja?"

"Moja. Kanisa halikutaka watu waifanye kama dawa ya mganga."

Nikamtazama mama kwa jicho la nilikwambia. Hakuniona.

"Sasa katika hao kumi na mmoja," akauliza taratibu, "inahesabiwa ya nani?"

"Ya kwanza."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka hadi vifungo vikamwagika sakafuni, vikaviringika chini ya mabenchi hadi karibu na altare. Mama hakucheka. Alikaa mikono juu ya mapaja, akitazama mbele.

"Nimempeleka Syokau mbinguni," akasema. "Kwa magoti yangu mwenyewe."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mimi niliyekuwa chini nikiokota vifungo nikaona aibu. Nikatafuta njia ya kumsaidia. "Katekista, si lazima mtu awe na moyo safi ndio ikubalike? Kama alimwombea huyo mwanamke akiwa na kinyongo?"

"Ni kweli. Mtu asiwe ameshikilia dhambi yoyote, hata ndogo. Akiwa na kinyongo, haiwi kamili."

"Unaona, Mwaitu? Sema tu ulikuwa na kinyongo. Syokau anabaki pale pale."

Nilidhani nimempa zawadi.

"Sikuwa nacho," mama akasema. "Nilikuwa nawaza maneno tu, yasinipotee. Syokau hakuniahidi kitu. Mwenye kuniahidi ni Ndeti."

Bartholomew akakohoa, akamwambia mambo hayajaharibika. Kuanzia kesho hadi tarehe nane anaweza kuzuru kaburi, moja kwa siku, na kumwombea Ndeti hapo. Lakini sharti ni lile lile la moyo. Mama akainuka bila kuaga.

Kaburi la Ndeti liko nyumbani, mwisho wa shamba, penye ua wa mikatani. Ijumaa mama alihudhuria misa, akarudi, akaenda pale, akasimama robo saa.

"Umemtoa?" nikamuuliza aliporudi.

"Bado. Nilifika Baba Yetu ya nne nikakumbuka ule mwaka wa njaa, alivyopeleka gunia la mahindi Ekalakala."

Jumamosi alikumbuka harusi ya dada yake, ambayo Ndeti hakufika. Jumapili alisema hata hakuanza. Jumatatu na Jumanne mvua ilimpiga akiwa pale pale, na Henry akanigombeza kwa nini namwachia mama yake mwenye moyo mbovu asimame kwenye matope. Nikamwambia aende akamtoe yeye. Hakwenda. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Nilikuwa nikiamka nahesabu siku zilizobaki, na jioni moja, naona haya kusema, nilipiga magoti kando ya cherehani nikamwomba Mungu amsaidie mama amsamehe yule mzee mpuuzi. Kumwombea mtu aliye hai hata AIC inaruhusu.

Jumatano, tarehe nane, alikwenda mapema baada ya misa. Kutoka jikoni nilimsikia akigomba. Aligomba kwa Kikamba, kwa sauti, akionyesha kaburi kwa kidole: gunia, harusi, chakula kilichopoa, lile shati la rangi ya maziwa alilomfulia kila wiki ili akalivalie mwingine. Aligomba hadi jirani akatoka kuchungulia juu ya ua. Halafu kukawa kimya. Nilipochungulia nilimwona amepiga magoti kwenye tope, na midomo ikienda bila kukwama.

Alirudi, akanawa mikono, akaketi kando ya moto na kuchukua mwiko akoroge muthokoi wa mahindi na maharagwe niliokuwa nimebandika. Alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua kuni.

"Ametoka?"

"Ametoka."

Mdomo wangu nao haujawahi kunisaidia. Kabla sijaushika ulikuwa umeshasema: "Lakini Mwaitu, si sasa wako huko pamoja? Yeye na Syokau?"

Mwiko ukasimama. Nikatamani kuuma ulimi. Mama aliutazama ule muthokoi, kisha akaendelea kukoroga.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana imenichukua siku sita."