Sigara ya Umeme ya Shemeji Kibwana

Usiku wa jana niliota niko kibandani kwangu, ninapotengenezea simu. Shemeji yangu Kibwana ameniletea sigara yake ya umeme niiflashi, yaani niifute programu yake na kuiwekea nyingine. Amepata mtandaoni programu ya mafundi wa mitaani, eti inatoa moshi mwingi kuliko ile ya kiwandani.

"Dada yako asijue," ananiambia. "Anadhani nimeacha."

Nachomeka waya wa USB. Papo hapo mtu anabisha kwenye tundu.

"Hodi!"

"Karibu."

Ni programu mpya. Amevaa kaptura, amebeba godoro. Anajaribu kuingia, anakwama. Anageuka, anakwama tena. Anarudia upande wa kwanza, anaingia.

Ndani tunamkuta programu wa zamani amejilaza kwenye kochi.

"Sitoki," anasema. "Nimezaliwa humu."

"Maelekezo yanasema lazima nikufute kwanza," namwambia.

"Haya, nifute. Lakini tumia kitambaa kisafi."

Nikamfuta kuanzia kichwani. Nilipofika kwenye nyayo akacheka sana, anasikia mtekenyo. Kisha hakuwepo.

Maelekezo yalisema pia kwamba waya ukichomoka kabla kazi haijaisha, kifaa kinakufa. Kibwana akapiga chafya. Waya ukachomoka.

Tukajikuta uani kwa dada yangu Zuhura. Turubai limeshafungwa, watu wamekaa kwenye mikeka. Jirani yao, Mama Sikitu, anaingia na sufuria kubwa kichwani.

"Poleni na msiba," anasema.

"Tumeshapoa," anajibu dada, kisha anamgeukia mumewe. "Baba Rukia, hivi aliyefariki ni nani?"

Kibwana anatazama chini. "Rafiki."

"Rafiki gani nisiyemjua?"

"Wa karibu. Alikuwa anakaa mfukoni."

Dada alikuwa anafikiria jibu hilo wakati jeneza, dogo kama kiberiti, lilipofunguka. Sigara ikaketi.

"Sijafa," ikasema. "Nilikuwa nawaka upya. Kibwana, siku zote umenivuta wewe. Leo navuta mimi."

Ikamvuta. Alianza kuingia miguu, yakafuata mabega, mwisho kofia. Halafu ikampuliza, akatoka wingu jeupe linalonukia embe.

"Mdogo wangu, mkamate!" dada akapiga kelele. "Upepo utanichukulia mume!"

Nilimpokonya Mama Sikitu sufuria, nikaruka, nikamfunika Kibwana hewani. Mfuniko ulicheza kidogo, ukatulia.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai, nikakuta juu ya jiko sufuria kubwa nisiyoijua. Nikafunua. Haikuwa na kitu, ila harufu ya embe ilinipiga usoni na kutokea dirishani.

Baadaye kidogo simu ikaita. Alikuwa Kibwana, anakohoa.

"Shemeji, asante kwa kunifunulia. Mle ndani joto. Sasa nimeacha kweli, na dada yako nimemwambia yote."

"Anasemaje?"

"Anasema sufuria ya watu uirudishe leo."