Mabinti wa Kibonge

Mtakwimu wa kituo cha kuku wa mbegu alipata jibu lake Jumatatu asubuhi: asilimia arobaini. Maana yake, kuku wakitofautiana kwa uzito wa mayai, asilimia arobaini ya tofauti hizo ni za kurithi. Zilizobaki ni chakula, joto na mengineyo. Mkurugenzi alifurahi, akasema sasa watachagua majogoo bila wasiwasi.

Dada huyu mtakwimu ndiye aliyekosa amani. Majogoo waliopimwa kupitia mabinti zao walikuwa kumi na wawili tu. Akamwondoa mmoja kwenye hesabu, yule aliyeitwa Kibonge, ambaye mabinti zake walitaga mayai makubwa kuliko wote. Asilimia ikaporomoka hadi saba. Akamrudisha, akamtoa mwingine: arobaini na nne. Alikagua kazi yake mstari kwa mstari akitafuta kosa, asilione.

Akashuka mabandani. Mtunza kuku alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, na alimkuta akisugua vyombo vya maji. Alimwamkia, kisha akauliza mabinti wa Kibonge walilelewa wapi.

"Banda la mwisho, lenye upepo," alisema mjomba.

"Wote?"

"Wote, mwanangu. Niliona wana maumbo mazuri, nikasema joto lisiwamalize. Nimeharibu?"

Mpwa wake aliwaza. Kama mayai yalikua kwa upepo, baba yao hakuwa na lolote. Lakini maumbo yale yaliyomvutia mjomba nayo yalitoka wapi?

"Sijui, mjomba. Labda ni baba yao, labda ni banda. Hesabu yangu haiwezi kutenganisha hayo mawili."

Mkurugenzi alimsikiliza, akavua miwani, akauliza basi aandike namba ipi. Mtakwimu alimwambia asiandike yoyote kwanza. Wakabishana nusu saa, mwishowe mkurugenzi akakubali wazalishe upya: majogoo sitini, na vifaranga wa kila jogoo wagawanywe mabanda yote kwa kura.

Kura ndiyo iliyomuumiza mjomba. Miaka yote amepanga kuku kwa jicho lake, leo anaambiwa achote vikaratasi kwenye ndoo. Mpwa wake alijaribu kumweleza kwamba jicho zuri ndilo linaloichanganya hesabu, maneno yakamkwama katikati, akaanza upya, yakamkwama tena.

Mjomba alichota kikaratasi, akasoma namba ya banda, akambeba kifaranga akaenda naye. Mpwa wake alibaki na ndoo, asijue kama mjomba ameelewa.