Dakika Mbili za Verna Tollefsrud

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa moja kasorobo jioni, Verna Tollefsrud alimpitia dada yake Ardis kwa gari, wakaenda kwenye kikao cha baraza la mji huku wakigombana. Kutoka nyumbani kwa Ardis hadi ukumbini ni mwendo wa dakika nne, na baada ya miaka ishirini na miwili ugomvi wao ulikuwa umezoea kuanza na kuisha ndani ya dakika hizo nne.

Ardis alikuwa na miaka themanini na moja, mpiga kinanda wa kanisa la Walutheri la mji wao wa Nerland tangu akiwa msichana. Verna alikuwa na sabini na sita, mwalimu mstaafu wa biolojia, na hakuwa na Mungu wa aina yoyote, wala hakuona sababu ya kulinong'ona jambo hilo. Mji mzima ulimwita Mkana Mungu. Yeye akaliandika jina hilo kwenye kikombe chake cha kahawa, akawa anakinywea shuleni mbele ya mkuu wake.

Ndiye aliyeuondoa msalaba wa taa juu ya tangi la maji la mji. Ndiye aliyesimamisha sala za kipaza sauti kabla ya mechi za shule. Alikuwa akiandika barua, akijibiwa vibaya, akiandika nyingine. Kuna mwaka mtu alimwekea samaki aliyeoza kwenye sanduku la barua. Verna alimfukia chini ya nyanya zake, na mwaka ule alipata nyanya za kugawia mtaa mzima, hadi kwa yule ambaye Verna alimshuku.

Sala ya baraza tu ndiyo iliyomshinda. Kila kikao kilifunguliwa na mchungaji, na watu wote walisimama. Verna alibaki ameketi, mikono kifuani, na Ardis alisimama pembeni yake akiwa amemshika bega. Ardis alisema anamwombea. Verna alisema dada yake anatafuta tu mahali pa kuegemea, maana goti lake la kulia lilikuwa bovu.

Majira ya kuchipua ya mwaka huu, baada ya barua ya arobaini na kitu, baraza likachoka. Likatangaza kwamba mkazi yeyote aweza kujiandikisha kufungua kikao kwa maneno ya dakika mbili, mradi afuate desturi ya siku zote: mfunguzi huleta pai. Kesho yake asubuhi, ofisi ilipofunguliwa, LaVonne, katibu wa mji, alimkuta Verna mlangoni na kalamu yake mwenyewe.

"Mwalimu," LaVonne alisema, "ungenipa hata nafasi ya kuvua koti."

"Vua tu. Mimi naandika."

Akapata Jumatatu ya kwanza ya Juni. Siku hiyo alioka pai mbili za matofaa, akabandika jina lake chini ya kila sahani kama wafanyavyo wanawake wote wa Nerland, kisha akampitia dada yake.

"Utamtukana Mungu mbele za watu," Ardis alisema akifunga mkanda.

"Siwezi kumtukana nisiyemjua."

"Wewe na mdomo wako. Mama angekuwa hai ungemuua."

"Mama alikuwa akilala kanisani, Ardis. Nilikuwa namkanyaga mguu ili asikorome."

Ardis akageukia dirishani asionekane akicheka. Halafu akakumbuka jambo, akashika mkoba wake. "Kibali chetu kiko leo, unajua."

Verna alijua. Jumamosi ile kanisa lilikuwa linatimiza miaka mia na ishirini na tano. Wangefunga barabara kuu, wakaange samaki, na kinanda kitolewe nje, Ardis apige kwa mara ya mwisho kabla ya kustaafu. Bila kibali cha baraza usiku huo, barabara haifungwi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vitano vya madiwani vilikuwa vitupu.

"Wako kwenye korido," LaVonne alimnong'oneza Verna. "Duane amewashawishi wabaki nje hadi umalize. Eti ni msimamo wa dhamiri."

Duane Hovick alikuwa meya, mmoja wa wale watano. Verna alimfundisha miaka miwili, na hakuwahi kumfanya aelewe chembe hai. Alitaka kucheka, kisha akaduwaa, maana alikumbuka kanuni ya kumi na moja.

Kanuni hiyo madiwani waliitunga wenyewe, miaka miwili iliyopita, kumkomesha diwani mmoja aliyekuwa akivuta sigara nje hadi mchungaji aseme amina. Ilisema hivi: diwani asiyekuwemo ukumbini wakati wa maneno ya ufunguzi hahesabiwi kuwa amehudhuria, na hapigi kura usiku huo. Wote watano walikuwa nje. Verna akisema neno lake la kwanza kabla hawajaingia, kikao kimekufa. Na kibali cha kanisa kimekufa nacho.

Nitasema kweli: alifurahi. Alifurahi kwa sekunde kama kumi hivi, furaha tamu ya mtu aliyesubiri miaka ishirini na miwili. Walutheri wangenyimwa barabara yao na kanuni iliyowekwa kulinda sala. Angeweza kulisimulia hilo hadi kaburini.

Kisha akamtazama dada yake. Ardis alikuwa kiti cha mbele, amevaa bangili zake za sikukuu, vidole vyake vikicheza juu ya mkoba. Alikuwa akipitia nyimbo za Jumamosi. Furaha ya Verna ikamtoka yote.

Akaenda akainama karibu naye. "Sikiliza. Wakibaki kule nje wakati nasema, hawana kura. Kibali chenu hakuna. Nitamwambia LaVonne nimejitoa, amwite mchungaji."

Ardis akatuliza vidole. "Umengoja hii tangu lini?"

"Hilo si swali. Jumamosi ni yako."

"Verna, mimi nimekusikiliza ndani ya gari miaka yote hii, dakika nne nne. Unadhani nitakosa siku ambayo na hawa watakusikiliza?" Akanyanyuka kwa fimbo yake, taratibu, goti likilia. "Usifungue mdomo mpaka nirudi."

Akatoka. Mlango ulibaki wazi, na ukumbi mzima ulisikia.

"Duane Hovick."

"Bi Ardis, hili ni suala la imani."

"Imani nimekufundisha mimi. Ulipotapika jukwaani siku ya mchezo wa Krismasi, ukiigiza kondoo, nani alikufuta?"

Kilisikika kiatu kikisugua sakafu.

"Nimekuuliza."

"Ni wewe, Bi Ardis."

"Je, Mungu wako anaweza kuvumilia dakika mbili za mdogo wangu? Wangu anaweza. Ingieni, mkae, mnyamaze. Na mkumbuke kanuni ya kumi na moja mliyoiandika nyie wenyewe."

Ulipita muda mfupi wa watu kuikumbuka kanuni ya kumi na moja. Kisha madiwani watano wakaingia mmoja mmoja, wekundu usoni, na Ardis nyuma yao kama mchunga bata.

LaVonne akaita majina, wote wakaitika. Verna akasimama mbele. Watu nao wakaanza kunyanyuka kwa mazoea.

"Kaeni," alisema. "Leo hakuna anayepaswa kusimama, wala kuinamisha kichwa. Tutazamane tu."

Wakakaa. Ardis naye alikaa.

Verna hakutukana mtu. Aliwashukuru waliozoa theluji Februari saa kumi alfajiri. Alimtaja fundi wa maji anayeonja maji ya mji kila siku kabla yetu. Alisema ukumbi huu ni wa anayesali, wa anayesali kwa namna nyingine, na wa asiyesali, na kwamba kila mmoja wao akiingia hapa asijisikie mgeni. Aliwaomba madiwani, kabla ya kila kura, wamfikirie mtu mmoja asiyekuwepo chumbani. Akamaliza, akanyamaza.

"Amina," ukumbi mzima ukaitikia.

Walisema kwa nguvu, kwa kinywa kimoja, madiwani wakiwemo, kama walivyofanya maisha yao yote mtu aliyesimama pale alipomaliza. Wakashtuka wenyewe. Duane alijifunika uso. Kalamu ya LaVonne ikaning'inia hewani.

"Mwalimu," aliuliza, "niiandike kwenye kumbukumbu?"

"Andika ulichosikia," Verna alisema, akaanza kucheka, akacheka hadi ikabidi ashike meza. Ukumbi ukaangua kicheko naye. Ardis alikuwa akijifuta machozi kwa leso.

Kibali kilipopigiwa kura, Verna aliomba kusema. "Barabara ni ya watu wote," alisema, "na Walutheri nao ni watu." Kura tano kwa sifuri. Pai ziliisha kabla ya ajenda ya tatu, na Jumamosi Ardis alipiga kinanda katikati ya barabara huku Verna akigeuza samaki kikaangoni, mikono imejaa unga.

Julai baraza liliamua, bila barua yoyote, kwamba kuanzia sasa kikao kitafunguliwa kwa dakika moja ya kimya, na kila mtu afanye nayo apendavyo. Verna alisikia uamuzi huo akiwa ameketi mahali pake, asijue aiweke wapi mikono yake.

Agosti Duane akagonga meza, ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyeambiwa akae au asimame. Ardis, kwa mazoea ya miaka yote, akajiinua. Goti likakataa katikati, akayumba, na Verna akasimama upesi akamshika kiwiko. Midomo ya Ardis ilikuwa ikicheza taratibu kwa sala yake. Verna akamwacha asali, akabaki amemshikilia. Watu walifumbua macho mmoja baada ya mwingine kumtazama Mkana Mungu akiwa wima.

"Umesimama," Ardis alinong'ona.

"Goti lako."

"Nimesema tu umesimama."

"Nyamaza, Ardis. Ni dakika ya kimya."