Sekunde Arobaini na Moja

Cherehani haikulia.

Fundi wa sauti aliurudisha utepe nyuma, akasubiri magurudumu mawili yatulie, kisha akausikiliza tena wimbo wa nne wa upande wa pili. Dakika ya tatu ilipotimia, pale ambapo ngoma za ndoo hukatika na cherehani huanza kukimbia peke yake, hapakuwa na cherehani. Palikuwa na mwanamke akiimba kwa sauti nyembamba, maneno ambayo fundi hakuwahi kuyasikia. Na wimbo ule aliujua kama kiganja cha mkono wake.

Alitazama lebo ya boksi. Haikuwa nakala. Ulikuwa ndio utepe wa asili ambao bendi yenyewe ilirekodia, ulioletwa kwenye maktaba ya redio na mjane wa mpiga kinanda baada ya kulala chini ya kitanda miaka thelathini na kitu. Mkuu wa maktaba alimkabidhi yeye makusudi. Hapakuwa na mwanafunzi aliyepita mikononi mwa fundi huyu bila kuhadithiwa habari za bendi iliyothubutu kunyamaza katikati ya wimbo na kuiachia cherehani sekunde arobaini na moja, cherehani yenye kuchechemea kila pigo la saba, na nyuma yake mtu akivumisha wimbo kwa midomo iliyofumbwa.

Mkuu alichungulia mlangoni, akauliza kama mambo yanakwenda. Fundi akamwambia cherehani haimo.

“Labda imepelekwa kwa fundi,” alisema mkuu, akacheka peke yake, akaenda zake.

Fundi alikuwa msichana wa miaka kumi aliponunua albamu hiyo. Alikuwa amefaulu mtihani, na mama yake, mshonaji aliyefanyia kazi sebuleni, akampa ruhusa ya kuchagua kaseti yoyote dukani. Alizipita nyimbo za mapenzi na nyuso zake zenye meno meupe. Akachukua ile yenye picha ya kiti kilichoning'inia kwenye dari, miguu juu, kwa sababu ndilo jalada pekee ambalo halikuwa na mtu anayetabasamu. Kufika nyumbani haikumaliza hata wimbo mmoja. Mama aliitoa kwenye redio kaseti kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota mende.

“Huu si muziki,” alisema. “Huu ni ugomvi wa vyombo. Utaipata muhula ukiisha.”

Kaseti ikaingia kwenye droo ya vifungo, ikakaa huko miezi mitatu.

Iliporudi mikononi mwake, mtoto aliisikiliza yote, na upande wa pili alipofika kwenye cherehani alikaa chini sakafuni. Alidhani cherehani zote duniani huchechemea hivyo. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu cha sebuleni kwao kinaweza kuingia ndani ya wimbo, kikakaa humo kama mwenye nyumba. Tangu siku hiyo masikio yake hayakufungika. Bomba lililokohoa, bawaba, mvua juu ya bati, kila kimoja kilikuwa kinasubiri zamu yake. Alizitafuta albamu za watu waliopiga muziki kwa misumeno na mabakuli, na ukubwani akaajiriwa kwa ajili ya masikio hayo.

Mama alifariki miaka miwili baada ya kununuliwa kwa kaseti. Ziliachwa nguo, zikaachwa picha. Sauti yake ilimtoka binti taratibu, kama rangi inavyotoka kwenye kitambaa kinachofuliwa mara kwa mara, hadi siku moja aliitafuta kichwani asiione.

Kinyozi hajinyoi. Kaseti yake mwenyewe fundi hakuwahi kuitolea nakala, maana aliamini kuwa wimbo ni wa dunia nzima na asili yake ipo mahali. Ilikaa ndani ya kopo la biskuti, na kwa miaka kumi na miwili hakuipiga. Sehemu ile ya cherehani ilikuwa imerudiwa mno utotoni. Utepe umekuwa mwembamba, unapukutika. Kwa makadirio yake ungevumilia mzunguko mmoja. Akiuacha, hatajua kamwe alichokuwa akikisikiliza. Akiupiga ukakatika mapema, hapakuwa na mwingine wa kuuliza.

Alisafisha mashine mara mbili. Aliwasha kompyuta inase, akabonyeza.

Cherehani ikalia. Unga wa kahawia ulijikusanya kwenye chuma kadiri utepe ulivyopita, na yeye akakaa mikono mapajani akiitazama saa. Sekunde ya arobaini na moja ilipita, kitufe kikalia tak, wimbo wa bendi ukarejea, na mapigo machache baadaye utepe ukakatika.

Aliziweka sauti mbili kwenye skrini, ya bendi juu, ya kwake chini. Ule mvumo wa midomo iliyofumbwa ulifuata sauti ya yule mwanamke noti kwa noti. Mwishoni tu ndipo ulipochelewa kidogo.

Fundi alijua mambo matatu. Kaseti za dukani zilinakiliwa moja moja juu ya kaseti tupu, na kile kipande cha plastiki kinachozuia kunasa hakikung'olewa. Redio kaseti ya nyumbani ilikuwa na kitufe chekundu ubavuni mwa kile cha kupigia, na kidole chenye kastabini, kofia ya chuma ya mshonaji, kingeweza kuvibonyeza vyote viwili bila kuhisi. Na mashine inaponasa, haipigi. Basi aliyevumisha wimbo ule aliuvumisha katika ukimya, pengine akidhani ni mojawapo ya vinyamazo vya bendi ile, na aliukamata bila wa kumwongoza. Mtu hafiki hapo kwa kusikiliza mara moja.

Hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa sababu analitaka. Jumamosi mchana alikwenda kwa baba yake, fundi saa aliyestaafu, akamvalisha hedifoni bila kumwambia kitu.

Mzee alizishikilia kwa mkono mmoja, kichwa kimeinama, kama zamani alivyokuwa akiiweka saa sikioni.

“Jino la saba,” alisema.

“Jino gani, baba?”

“La gurudumu. Lilivunjika. Nikamwambia nitambadilishia, akasema asiposikia linaruka hajui kama mashine inakwenda.” Alifumbua macho. “Hii cherehani ya mama yako. Umeitoa wapi?”

“Na hiyo sauti?”

Alisikiliza tena, muda mrefu kuliko wimbo wenyewe.

“Mama yako alikuwa haimbi, mwanangu. Wakati wote mdomo umejaa pini.” Kisha akaongeza, “Ndiyo maana amefumba.”

Mzee aliinua kidole.

“Mwishoni hapo ni mlango wa nyuma. Niliipaka mafuta bawaba ile mpaka nikachoka.”

Bawaba hiyo binti alikuwa ameifundisha miaka mingi kama noti mbili za chuma, hitimisho la kishujaa la watu wasioogopa kuudhi. Baada ya bawaba kulikuwa na mburuto mfupi, mara tatu, na hapo mvumo ulikatika ghafla katikati ya pumzi. Zikasikika pini zikimiminika kwenye kopo. Tak.

“Na hizo ndala,” alisema mzee. “Shule ilikuwa inatoka saa ngapi?”

Binti aliitazama miguu yake. Nyumba nzima ilimwimbia utoto wote ainue miguu anapotembea.

Baba hakuzivua hedifoni. Alikuwa amezikandamiza kwa viganja viwili sasa, akitazama mahali pasipo na kitu, kwenye ukuta ambao zamani ulikuwa na meza ya cherehani.

“Rudisha kidogo,” alisema. “Kabla hujaingia.”