Darasa Lisilopokea Watazamaji

Wanachuo arobaini na saba walikuwa wamekwisha kupata shule za kwenda kukaa wiki mbili, kutazama walimu wanavyofundisha, kabla hawajaanza kufundisha wao wenyewe. Wa arobaini na nane, Irakoze, alikuwa ameipata shule na kuipoteza. Alhamisi mchana mwalimu mkuu mmoja wa Rungwe Mpya alipiga simu kusema kwamba upepo umeezua paa la madarasa mawili, watoto wamerundikana chumba kimoja, na mgeni hana hata pa kusimama.

Mwalimu Tunu, aliyepanga nafasi hizo katika chuo cha ualimu mjini Kasulu kwa miaka kumi na moja, alimpa pole ya paa kwanza. Kisha akapiga simu nyingine tisa. Kabanga wamejaa, Kasulu mjini wamejaa, na Nyabibuye walikuwa tayari kumpokea ila hawana mwalimu wa darasa la kwanza wa kutazamwa. Asiyeanza Jumatatu angesubiri kundi la mwaka unaofuata. Irakoze alishapoteza mwaka mmoja akingoja karatasi za uraia wa wazazi wake, na baba yake alikuwa ameuza mahindi ya msimu mzima ili arudi chuoni. Hakulia alipoambiwa. Aliuliza tu kama kuna mahali popote, hata mbali.

Palikuwa na mahali pamoja, upande wa Kibondo, kwa Mwalimu Melkiadi wa darasa la kwanza. Kwa miaka mitatu shule yake ilikuwa ikijibu kwamba darasa hilo halipokei watazamaji, na Tunu hakuwahi kuuliza sababu. Shule zilikuwa nyingi. Safari hii alimpigia mwalimu mkuu, Bwana Pasikali, naye akamwambia kiti kipo na chumba kipo, ila mwenye darasa hataki, labda aje aongee naye mwenyewe.

Ijumaa walipanda basi la kwanza, Tunu na Irakoze. Mvua ya Machi ilikuwa imenyesha, na njia ya kutoka barabarani hadi shuleni ilikuwa tope tupu. Irakoze alikuwa akitangulia hatua mbili, anajaribu ardhi kwa mguu wake, halafu anamnyooshea Tunu mkono. Alifanya hivyo njia nzima.

Mwalimu Melkiadi alitoka darasani saa ya mapumziko, mikono imejaa vumbi la chaki. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu. Alimwamkia Tunu kwa heshima, akafuta benchi kwa mkono wa shati ili wakae, akaagiza waletewe uji. Baada ya hapo akakataa, kwa upole uleule aliofutia benchi.

Tunu alimweleza habari za paa, za Jumatatu, za mwaka uliopotea. Melkiadi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza ya kwake. Miaka mitatu iliyopita, mwezi kama huu, kijana mmoja wa chuo alikuja akakaa nyuma ya darasa na fomu yake. Baada ya dakika ishirini mawingu yakafunga, akaita bodaboda akaondoka. Kwenye fomu aliandika kwamba mwalimu anafundisha kwa Kiha badala ya Kiswahili. Fomu ilipanda ngazi hadi ofisi ya elimu ya wilaya, na barua ya onyo ikashuka. Jina la Melkiadi likaondolewa kwenye orodha ya waliotarajiwa kupandishwa daraja, na tangu hapo halijarudi.

“Yule kijana simlaumu sana,” alisema. “Alikuwa mtoto, tena aliogopa mvua. Lakini chini ya fomu kulikuwa na sahihi yako, mwalimu. Waliniita ofisini, nikaiona kwa macho yangu.”

Tunu alijaribu kuikumbuka fomu hiyo, asiweze. Alichokumbuka ni jinsi zilivyokuwa zikija, bunda zima mchana mmoja, naye anafunua kona ya chini, anasaini, anafunua nyingine. Maneno ya kujitetea alikuwa nayo. Utaratibu unataka Kiswahili darasani, na hilo hakulitunga yeye. Aliyatazama maneno hayo, akayaacha.

“Sikuisoma,” alisema.

Irakoze aliinamisha macho kwenye kikombe chake cha uji. Melkiadi akamgeukia.

“Na wewe binti, ukimaliza uji wangu utakwenda kuniandika?”

“Nikikuandika wewe, mwalimu, itabidi nijiandike na mimi,” Irakoze alisema, “maana kwetu tunaongea Kirundi, na Kirundi na Kiha ni ndugu. Utakayowaambia watoto nitakuwa nimeyaelewa yote.”

Melkiadi alicheka, mara ya kwanza tangu wafike. Akamuuliza jambo kwa Kiha, naye akajibu kwa Kirundi, na wakaelewana kama majirani wanaoongea juu ya ua. Lakini alipomgeukia Tunu alikuwa hacheki tena. Alisema binti anaonekana mwenye adabu, angependa kumsaidia. Ila aandike yeye Tunu, kwa mkono wake, habari ya ile fomu. Barua ifike ofisini na igongwe muhuri wa kupokelewa. Akiuona muhuri, Irakoze aje. Asipouona, wasilaumiane.

Tunu aliomba karatasi. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na alijua barua ya namna hiyo ingeweza kuamsha maswali ambayo mtu wa miezi saba hayahitaji. Aliandika kwenye meza ya Bwana Pasikali, taratibu, na alipomaliza akampa Melkiadi asome kabla hajasaini. Aliona ni fidia ndogo anayoweza kumpa. Alikuwa ameandika kwamba mtazamaji alikosea, kwamba Mwalimu Melkiadi hutumia Kiswahili tangu mwanzo wa somo hadi mwisho.

Melkiadi alisoma, akairudisha.

“Hapa umenipendelea,” alisema. “Kiha nilikitumia, na leo asubuhi nimekitumia. Watoto hawa mwezi wa kwanza wananijia hawajui hata ‘kaa chini’. Naanza na lugha waliyotoka nayo nyumbani, navuka nao polepole, na mwezi wa kumi wanasoma Kiswahili wenyewe. Yule kijana aliona tunavyoanza, hakuona tunavyofika. Andika hivyo.”

Tunu alimwambia kwamba barua ya kwanza ingemsafisha kabisa, na hii ya pili huenda isimsaidie kitu. Melkiadi akasema anajua. Kengele ikalia, akarudi darasani.

Barua ya pili ilichukua muda zaidi, kwa sababu kila sentensi ilibidi iwe ya kweli. Tunu aliandika kwamba alisaini bila kusoma, kwamba mtazamaji alikaa dakika ishirini tu, kwamba Kiha kilitumika, na kwa nini. Melkiadi aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa darasa, watoto wakihesabu maharage nyuma yake, akatikisa kichwa kukubali. Bwana Pasikali akawatafutia bodaboda mbili, na nauli akalipa yeye, akisema wageni wa shule ni wageni wake.

Walifika ofisini, Kibondo mjini, robo saa kabla ya kufunga. Karani wa mapokezi alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake. Aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa chini akaisoma tena.

“Mama, mbona unajishtaki mwenyewe?” aliuliza. “Hakuna aliyekuuliza.”

Tunu alisema ni kweli, hakuna, na akaomba nakala yake igongwe muhuri. Karani alisita. Akasema bosi ameondoka, labda Jumatatu. Tunu akamjibu kwamba Jumatatu huyu binti aliye hapa atakuwa ameshakosa nafasi yake, na kwamba kupokea barua si kuikubali. Karani alimtazama Irakoze, viatu vyake vyenye tope hadi vifundoni. Akafungua droo aliyokwisha kuifunga, akatoa muhuri, akagonga.

Irakoze aliipiga picha ile nakala na kumtumia Melkiadi kwa simu. Wakakaa kwenye ngazi za ofisi kusubiri. Walinzi walifunga madirisha. Irakoze alimuuliza Tunu kama amechoka, naye akasema kidogo, na Irakoze akavua mtandio wake akamkunjia akalie, kwa kuwa ngazi zilikuwa na baridi. Majibu yalikuja karibu na saa kumi.

Nimeuona. Jumatatu awahi, tunaanza saa moja na nusu. Asikae nyuma, nitamwekea dawati mbele, aone nyuso zao.

Irakoze alisoma mara mbili, akampa Tunu naye asome. Kisha akauliza kama maduka ya magodoro ya Kibondo yanafungwa saa ngapi, maana atahitaji pa kulala.