Ampli ya Kukalia

Mtu akikuuliza unataka nini, na ukweli wenyewe hausemeki mbele za watu, utafanyaje? Mi nilifoka. Ndiyo tabia yangu, mke wangu Sijaona atawaambia, miaka thelathini na minane ananivumilia.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, kwenye karakana ya Ilias kule Buyenzi. Ilias anatengeneza ampli, yale masanduku ya kukuza sauti ya gitaa, kwa mbao na vipuri anavyovitoa kwenye ampli zilizokufa. Ya orkesta yetu ilikuwa imeungua wiki mbili kabla, na Ilias mwenyewe aliifungua, akaitazama, akaifunga tena, akasema haiponi. Basi Maxime, mwimbaji wetu na ndiye mkubwa wa orkesta, akamwomba atutengenezee mpya. Ilias akasema atabuni ya namna yake, aiuze hata makanisani na kwenye mabaa, lakini kabla hajakata ubao anataka kusikia wapiga besi wanasemaje. Alikuwa na daftari la shule na penseli nyuma ya sikio. Profesa mzima!

Danielle alianza. Huyo ni binti anayepiga besi kwenye kanisa moja la Kamenge, na vidole vyake ni vizuri, sitaki kusema uongo.

"Mi nataka nyepesi, papa Ilias. Mafuta hakuna mujini, mabasi hayatembei, kila juma nikirudi nyumbani napanda kilima cha Gihosha kwa miguu, ampli mugongoni. Kilo kumi, isizidi. Na iwe na betri, umeme ukienda katikati ya ibada nisibaki nimeshika gitaa kama mwiko."

"Nini tena?"

"Ile noti ya chini kabisa isikorogeke. Yangu ya sasa nikigusa waya munene inakohoa."

Ilias aliandika yote, kisha akanigeukia. "Na we, muzee Atumani?"

"Mi nataka nzito."

Walicheka. Maxime alicheka mpaka akashika meza.

"Nzito, ndiyo! Mnacheka nini? Zamani ampli ilibebwa na watu wawili na hakuna aliyekufa. Betri ni ya redio, sha! Mnataka ampli ama mnataka mkoba?"

Sasa niwaambie nyinyi kile ambacho sikuwaambia wao. Masikio yangu yamekwisha. La kushoto limekufa kabisa. La kulia linamsikia mtu akiwa karibu, lakini noti za chini, zile zangu mwenyewe, sizipati hata moja. Orkesta ikianza, kwangu yote yanakuwa uji. Miaka mitatu nilikuwa napiga kwa sababu ya ile ampli ya zamani tu. Nilikuwa naikalia. Noti ilipanda kwenye mapaja, ikapita mgongoni, nikajua niko wapi. Ampli ndogo ya kuwekwa pembeni maana yake Maxime atagundua, na akigundua atatafuta mpiga besi mwingine, na mimi Jumapili nitabaki nyumbani natazama ukuta. Niliogopa. Kwa nini nifiche?

Na wala sikuanza kuikalia kwa uziwi. Mwaka wa themanini na nne jukwaa letu lilikuwa mbao juu ya kreti za bia, nafasi ya kiti cha mpiga besi haipo. "Kaa hapo juu," Adrien akaniambia, huyo alikuwa mpiga solo wetu, Mungu amrehemu. Nikakaa. Ampli ile ilikuwa na taa za kioo ndani, za kukuza sauti, ikishapata moto inakupasha joto, na msimu wa mvua wenzangu walikuwa wananionea wivu. Yallah, siku zile! Wanaume wamepiga viatu rangi mpaka vinawaka, wanawake na vitenge vipya, na ukiingiza besi unaona mstari mzima wa mabega unashuka pamoja. Nilikuwa kijana, nywele hivi. Nikikumbuka naumia, kweli.

"Basi jaribu hii," Ilias akasema. Alikuwa na moja ya majaribio yake ya zamani juu ya meza, ndogo kama katoni ya sabuni. Danielle alikuwa ameshaipiga, akatikisa kichwa kwa furaha. Nikapewa gitaa. Nikakataa kwanza, nikasema mkono unauma. Maxime akaniambia, "Piga, bwana, Jumapili tunacheza kule Kibenga, tutacheza na nini?"

Nikapiga, nimesimama. Nikafumba macho, nikachagua wimbo ambao vidole vinaujua bila mimi. Hakuna kilichopanda mwilini, lakini kichwani, wallahi, nilimsikia Adrien akiingia na solo, nikasikia na ngoma nyuma. Nikaupiga wimbo wote mpaka mwisho, na ule mkato tuliokuwa tunauweka ili wachezaji wageuke. Nikafumbua macho.

"Safi sana, Ilias," nikasema. "Ile sauti ya chini imetulia. Nzuri, ingawa ndogo."

Danielle alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nikamtazama Ilias, naye akatazama ampli. Kale kataa kake kekundu kalikuwa kamezimika. Feni ya darini imesimama.

"Umeme umeenda, muzee," Ilias akasema polepole. "Umeenda pale ulipoanza."

Astaghfirullah. Niliona aibu. Nikaweka gitaa mezani, nikatafuta mlango, na Maxime akanishika mkono.

"Tunajua, Atumani."

"Mnajua nini?"

"Tangu harusi ya binti yako Laure. Ulianza wimbo kwa sauti ya chini kuliko tulivyozoea kuupiga. Tukatazamana, tukashuka wote. Toka siku ile, popote unapoanzia, sisi tunahamia pale."

"Miaka mitatu!" nikafoka. "Miaka mitatu munanifanya mutoto!"

"Apana. Zamani ilikuwa namna gani? Si wewe ulikuwa unatangulia, sisi tunafuata? Hatujabadilisha kitu."

Nikalia. Mtu wa umri wangu, mbele ya binti wa watu, nikalia na kamasi. Maxime hakuniachia mkono, na Danielle akanipa leso yake.

Nilipotulia Ilias alifungua ukurasa mpya. "Sasa niambie ukweli, muzee. Unataka nini?"

"Ya kukalia," nikasema. "Mbao nene. Spika itazame chini, sauti ipande kwangu. Na ibebe kilo tisini bila kulia."

"Lakini kufika Jumapili nitakuwa sijaimaliza," akasema.

"Jumapili tutachukua hii ndogo, naye atakaa karibu na mimi," Maxime akasema, "nitamupigia mapigo begani."

Ilias akatoa tepu ya kupimia, akapiga goti sakafuni, akanipima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Sentimita arobaini na sita. Akaandika.

"Pima tena," nikamwambia. "Pima vizuri, bwana. Nitakaa hapo miaka."